Je, wajua? Laptopu ikisema nenosiri la waifai si sahihi, huwa inakisia

Jioni moja nilikuwa kwa dada yangu, Kiamunyi, Nakuru. Simu yake ilikuwa ndani ya waifai bila shida, lakini laptopu, akiwa nayo chumba cha kulala, ilikataa kata kata. Kila mara ilimjibu kwamba nenosiri si sahihi. Nikamwambia anakosea kuandika. Akaandika tena, mimi nikimsomea herufi moja moja kutoka kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta. Mara sita. Mwishowe akaibeba laptopu hadi sebuleni, akaandika nenosiri lile lile, ikaingia.

Dada hakuwa amekosea hata mara moja. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu lilitokana na picha niliyokuwa nayo kichwani kuhusu jinsi waifai inavyofanya kazi. Watu wengi ninaowafahamu wana picha hiyo hiyo, kwa hiyo naona heri niivunje polepole.

Nilidhani hivi: unaandika nenosiri, laptopu inalirusha hewani hadi kwenye ruta, ruta inalilinganisha na lile ililohifadhi, kisha inajibu "sawa" au "si sawa". Kama askari wa getini anayekuuliza neno la siri. Kwa picha hiyo, ukiambiwa nenosiri si sahihi, basi ruta imelisoma na kulikataa.

Hakuna hata sehemu moja ya picha hiyo iliyo kweli. Katika WPA2, ulinzi uliokuja mwaka 2004 na ambao bado uko kwenye ruta nyingi za nyumbani, nenosiri halisafiri kamwe. Halitoki kwenye laptopu. Ruta hailisomi, wala haijui uliandika nini. Na la ajabu kuliko yote ni kwamba ruta haina njia ya kukuambia "umekosea nenosiri". Ujumbe wa namna hiyo haumo katika kanuni zake.

Basi wanathibitishana vipi? Chukua mama anayeuza samaki soko la Kibuye, Kisumu, na mwanawe aliye Nakuru. Simu ya mama iko kwenye spika na soko zima linasikiliza. Walipoagana walipatana namba ya siri, tuseme 37. Sasa mama anataka kuhakikisha kwamba anayepiga ni mwanawe kweli, lakini hataki namba hiyo itamkwe. Mama anataja namba yoyote inayomjia: 12. Mwana naye anataja yake: 5. Kisha mwana anajumlisha hizo mbili, anazidisha kwa siri yao, na kusema jibu: 629. Mama anapiga hesabu ile ile upande wake. Akipata 629, anajua kijana anayo 37, na hakuna aliyeitaja. Kesho namba za kubahatisha zitakuwa nyingine, kwa hiyo aliyelikariri jibu la leo halitamsaidia.

Mfano huu una pengo moja. Msikilizaji mjanja atagawa 629 kwa 17 na kuipata siri. Ndiyo maana waifai haizidishi, inasaga. Unga haurudi kuwa mahindi, na hesabu zinazotumika hapa zimetungwa ziwe hivyo: kwenda mbele ni rahisi, kurudi nyuma hakuna njia. Hata kabla ya mazungumzo kuanza, laptopu huchukua nenosiri lako, herufi 8 hadi 63, na kulisaga mara 4,096 pamoja na jina la mtandao. Jina hilo hufanya kazi ya chumvi, na wataalamu wenyewe huiita hivyo. Nenosiri lile lile kwenye mtandao wenye jina lingine hutoa ufunguo tofauti kabisa.

Baada ya hapo huja mazungumzo yenyewe, ambayo ni salamu nne. Wahandisi huyaita handsheki, yaani kushikana mikono, neno ambalo Wakenya tulilizoea kwa sababu nyingine Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipopatana. Salamu ya kwanza, ruta inataja namba yake ya kubahatisha. Ya pili, laptopu inataja yake na kuambatanisha muhuri uliotokana na ufunguo na namba zote mbili. Ya tatu, ruta nayo inatoa muhuri wake, maana hata laptopu inastahili kujua kwamba haiongei na tapeli. Ya nne ni "nimepokea".

Tuangalie sasa kinachotokea ukikosea nenosiri. Laptopu inasaga kitu kingine, muhuri wa salamu ya pili unatoka tofauti, ruta inapiga hesabu yake na kukuta haviendani. Hapo kanuni inaiagiza ruta iutupe ujumbe huo na kukaa kimya. Ukimya huo una sababu: muhuri mbovu unaweza kuwa umetumwa na mtu wa nje anayetaka kukuharibia, na kama ruta ingekatisha mazungumzo kwa kila muhuri mbovu, jirani mkorofi angekufungia nje usiku kucha. Kwa hiyo ruta inarudia salamu ya kwanza, inasubiri, inarudia tena. Sekunde chache zikipita inakata. Sababu inayoweza kutajwa wakati wa kukata ni namba 15, maana yake salamu nne zimepitisha muda. Muda tu. Nenosiri halitajwi.

Laptopu inaachwa na ukweli mmoja: nilisalimu, sikujibiwa. Kutokana na hilo inakisia kwamba nenosiri ndilo lenye kasoro. Mara nyingi inapatia. Lakini salamu ya pili ikipotelea njiani, laptopu huona ukimya ule ule na inaweza kukuandikia lawama ile ile. Programu ya wpa_supplicant, inayotumika kwenye mashine nyingi za Linux, ni mkweli zaidi: huandika kwamba ufunguo huenda si sahihi. Ningependa neno hilo "huenda" liwe kwenye kila laptopu.

Kwa nini salamu ya laptopu ipotee wakati vistari vya waifai vinaonekana? Kwa sababu vistari hivyo vinaonyesha jinsi laptopu inavyoisikia ruta. Havisemi lolote kuhusu jinsi ruta inavyoisikia laptopu. Ruta mara nyingi ina sauti kubwa kuliko laptopu, na nyumba ya mawe ya kuchonga hula mawimbi, hasa ya 5 GHz. Simu ya dada iliingia kwa urahisi kwa sababu ilikuwa sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye ruta. Kuhamia sebuleni ni dalili nzuri, ingawa si ushahidi kamili: ukihama unajaribu upya pia, na wakati mwingine kujaribu upya peke yake kunatosha. Ukitaka uhakika, rudi chumbani uone kama itakataa tena. Ya dada ilikataa.

Chanzo kingine huja baada ya fundi kubadilisha ruta. Akiipa mpya jina na nenosiri la zamani, vifaa vyote huingia vyenyewe kana kwamba hakuna kilichobadilika, maana ufunguo ni ule ule. Akibakiza jina na kubadilisha nenosiri, laptopu huendelea kutumia lile ililohifadhi, na kosa unaloliona ni la nenosiri ambalo hata hukuliandika leo. Iambie isahau mtandao huo, kisha uingie upya.

Laptopu za zamani zina kikwazo chao. WPA3, ulinzi mpya uliofuata WPA2 na kutangazwa mwaka 2018, hupata ufunguo kwa njia nyingine kabla ya salamu nne, na mashine isiyoijua njia hiyo haiwezi kuingia hata ukiandika nenosiri vizuri namna gani. Kwenye mipangilio ya ruta, chagua hali inayopokea WPA2 na WPA3 pamoja.

Na kama laptopu imeunganishwa lakini tovuti zinakataa kufunguka baada ya stima kupotea, tazama tarehe. Betri ndogo ya saa ikifa, mashine huweza kuamka ikiamini ni miaka kadhaa iliyopita. Salamu nne hazijali tarehe. Vyeti vya usalama vya tovuti vinajali, maana kila kimoja kina tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Dada alihamisha ruta kutoka nyuma ya televisheni hadi juu ya kabati la koridoni. Laptopu sasa inaingia ikiwa chumbani, na nenosiri ni lile lile la kwenye kibandiko.