Duke wa Devonshire na Waraka wa 1923

Karibu kila aliyesoma historia ya Kenya shuleni ameukariri Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu koloni la Kenya. Ukimuuliza Devonshire alikuwa nani, wengi hudhani ni mji. Alikuwa mtu: Victor Cavendish, Duke (cheo cha juu cha mabwanyenye wa Uingereza) wa tisa wa Devonshire, na inafaa tumjue.

Alizaliwa 1868 katika ukoo wa mabwanyenye wenye ardhi. Baba yake alipofariki mwaka 1891, kijana huyo alirithi hata kiti chake cha ubunge cha West Derbyshire. Aliingia bungeni na kundi la Liberal Unionist, ambalo mwaka 1912 liliungana na chama cha Conservative. Mwaka 1908 aliupata uduke kutoka kwa baba yake mkubwa, pamoja na kasri la Chatsworth. Kuanzia 1916 hadi 1921 alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada. Huko ndiko binti yake Dorothy alikokutana na msaidizi wa baba yake, Harold Macmillan. Walioana 1920, Macmillan ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza Tanganyika na Uganda zilipopata uhuru.

Oktoba 1922 Duke akawa Waziri wa Makoloni, akalikuta faili la Kenya likiwaka moto. Wahindi walidai haki sawa ya kupiga kura na ruhusa ya kumiliki ardhi kwenye nyanda za juu. Walowezi walikataa katakata, na baadhi yao walipanga kumteka gavana wao wenyewe. Pande zote mbili ziliitwa London. Waafrika hawakuitwa, aliyejitokeza kuwasemea alikuwa mmisionari, John Arthur. Harry Thuku, mwanasiasa wa Kiafrika ambaye angeweza kusimama na kusema, alikuwa kizuizini Kismayu.

Waraka ulipotoka Julai 1923 ulitamka kwamba Kenya kimsingi ni nchi ya Waafrika, na kwamba masilahi yao yakigongana na ya wageni, ya Waafrika ndiyo yatangulie. Ni maneno mazito. Lakini tazama yaliyofuata katika kurasa hizo hizo: nyanda za juu zilibaki za Wazungu, Wazungu wakapewa viti 11 vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, Wahindi 5, Mwarabu 1. Waafrika, waliokuwa mamilioni, walipewa mmisionari wa kuteuliwa. Kwa maoni yangu, jina la Mwafrika lilitumika hapo kama ngao ya kumzuia Mhindi bila kumuudhi mlowezi kupita kiasi.

Hata hivyo maneno yakishaandikwa hayamtii aliyeyaandika. Viongozi wa Kiafrika waliyashika, wakawa wakiwakumbusha Waingereza ahadi yao kila walipodai ardhi.

Duke aliondoka wizarani Januari 1924, akafariki Chatsworth mwaka 1938. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya 1944, naye pia kwa kuteuliwa.