Mfuko wa mchanganyiko na dhahabu: akiba isiyokukosesha usingizi

Wateja wangu wengi hapa Malindi wanaishi kwa msimu. Mhudumu wa hoteli, dereva wa tuktuk, nahodha wa mashua ya vioo anayepeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari: Desemba pesa zipo, Mei hata nauli ya Mombasa inafikiriwa mara mbili. Mtu wa namna hii akiniuliza anunue hisa gani, nami humuuliza swali langu: siku hisa zikianguka, kazi yako itakuwa inasimama?

Mwaka 2020 ulijibu vizuri. Machi 13, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa, hisa za Nairobi ziliporomoka hadi biashara ikasimamishwa kwa muda. Machi 25 ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa, na hazikurudi hadi Agosti mosi. Aliyekuwa na mshahara wa hoteli na akiba yote kwenye hisa alipigwa pande zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Dhahabu nayo, Agosti hiyohiyo, ilivuka dola 2,000 kwa wakia (gramu 31 hivi) kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana mpango ninaoupendekeza una vitu viwili tu: mfuko wa mchanganyiko, na dhahabu kidogo pembeni.

Mfuko wa mchanganyiko ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao meneja wake ananunua hisa, bondi za serikali na amana za benki, vyote ndani ya kapu moja. Unaweza kuanza na shilingi elfu chache na ukatuma kwa M-Pesa. Kampuni inayouendesha lazima iwe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha iko wazi kwenye tovuti yao, na ikiwa jina halimo, usiendelee hata na mazungumzo. Usiuchanganye na mfuko wa soko la fedha, ambao karibu haushuki. Huo ni wa pesa za dharura, za miezi mitatu minne ya kula, na hizo ziwekwe kwanza kabla ya haya yote. Mfuko wa mchanganyiko unaweza kushuka. Safaricom, hisa ambayo karibu kila meneja anayo, ilivuka shilingi 40 mwaka 2021, na kabla ya 2023 kwisha ilikuwa chini ya 15. Bondi na amana zilizomo ndani ndizo zinazopunguza maumivu ya namna hiyo.

Sasa dhahabu. Peke yake haijatulia hata kidogo. Ilifika kama dola 1,900 mwaka 2011, ikateremka hadi karibu 1,050 mwishoni mwa 2015, na aliyenunua kileleni alingoja hadi 2020 kuiona bei yake tena. Kwa nini basi kitu kinachoyumba hivi kitulize akiba? Kwa sababu mara nyingi hakiyumbi kwa wakati mmoja na hisa. Harry Markowitz alilionyesha jambo hili kwa hesabu mwaka 1952, na mwaka 1990 akashiriki tuzo ya Nobel ya uchumi.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Mfuko unayumba kwa asilimia 10 kwa mwaka, yaani kwa kawaida hupanda au kushuka kiasi hicho kuzunguka wastani wake, dhahabu asilimia 16, na mienendo yao haihusiani kabisa. Ukiweka asilimia 80 kwenye mfuko na 20 kwenye dhahabu, akiba nzima itayumba kwa asilimia 8.6: chini ya mfuko peke yake, ingawa umeongeza kitu kinachoyumba zaidi. Dhahabu ikifika asilimia 30 unapata 8.5, yaani hakuna faida kubwa ya kuongeza. Ikifika 60 inakuwa 10.4, na sasa umeharibu kazi yote. Dhahabu ni kama farumi ya jahazi, ule uzito wa chini unaolituliza: ikizidi, chombo kinaelemewa. Nayo hailipi gawio wala riba, kwa hiyo mimi husimama kwenye 15 hadi 20.

Hapo ndipo familia nyingi za Shela na mitaa ya jirani zinaposhangaa, maana zenyewe tayari ziko kwenye 60 au 70. Bangili, vidani na vikuku vya kabatini ni dhahabu; vihesabuni kabla ya kununua nyingine. Ila vihesabuni kwa bei ya kuuza. Peleka bangili kwa sonara, utamwona anaifuta, anaiweka kwenye mizani, anatazama muhuri wa karati, kisha anabonyeza kikokotoo. Ikiwa ni karati 21, dhahabu halisi ni asilimia 87.5 ya uzito huo, na ule ufundi uliolipia siku ya kununua haumo kabisa kwenye hesabu yake. Na jambo jingine, waume wanisamehe: dhahabu ya mahari ni ya mke. Bwana asiiweke kwenye hesabu yake.

Asiyetaka kulinda kabati anaweza kununua NewGold, hati ya dhahabu iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi tangu 2017. Kipande kimoja hufuata bei ya takriban sehemu moja ya mia ya wakia. Utahitaji akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ya kutunzia hisa, kupitia dalali wa hisa. Ubaya wake, wanunuzi ni wachache, kwa hiyo usitegemee kuiuza siku hiyohiyo.

Kumbuka pia kwamba dhahabu inauzwa kwa dola lakini wewe unakula kwa shilingi. Januari 2024 wakia ilikuwa kama dola 2,050 na dola ilifika shilingi 160: hiyo ni shilingi 328,000. Mwishoni mwa Machi wakia ilishapanda hadi dola 2,200 hivi, lakini dola ilikuwa imeanguka hadi 131, yaani shilingi 288,200. Dunia nzima inashangilia bei ya dhahabu, na mtu wa Malindi amepoteza zaidi ya asilimia 12.

Wasomaji Waislamu huniuliza kuhusu riba iliyomo kwenye bondi. Swali ni la haki. Mfuko wa mchanganyiko wa kawaida unayo. Ipo mifuko inayofuata sharia, na ukiitumia hiyo uwiano wa 80 kwa 20 haubadiliki sana, ila tarajia hisa zaidi ndani yake.

Mara moja kwa mwaka rudisha uwiano. Wateja wangu wengi hufanya hivyo siku wanapohesabu zaka, kwa kuwa siku hiyo dhahabu inapimwa hata hivyo, kujua kama imefika gramu 85. Tuseme ulianza na 320,000 kwenye mfuko na 80,000 za dhahabu. Mwaka umepita, mfuko ni 300,000, dhahabu 100,000. Jumla haikusogea, lakini dhahabu imekuwa robo. Unauza dhahabu ya 20,000 na kununua mfuko ukiwa rahisi. Moyo utakataa, kwa sababu unauza kinachopanda. Na kama dhahabu yako ni bangili, huwezi kukata kipande. Basi iache, na akiba yote ya msimu ujao ielekee kwenye mfuko hadi uwiano urudi.