Mishipa ya bluu haibebi damu chafu

Jijini Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, utasikia maelezo yale yale: mishipa ya bluu inayoonekana mkononi imebeba damu chafu, na damu safi iko ndani zaidi. Wengine hulipa kabisa wapigwe chuku, yaani kuumikwa, ili hiyo damu chafu itolewe.

Damu ya binadamu haiwi ya bluu hata siku moja. Ikitoka kwenye mapafu imejaa oksijeni, nyekundu ya kung'aa. Ikirudi kwenye moyo kupitia vena imeacha mwilini sehemu ya oksijeni hiyo, kama robo tu mtu akiwa amepumzika, nayo huwa nyekundu iliyokoza. Ubluu ni mchezo wa mwanga unapopita kwenye ngozi. Mtazame mtu anayechangia damu pale hospitali ya Bugando: sindano imeingia kwenye vena, huo huo mshipa unaosingiziwa, na mfuko unajaa wekundu mzito kama juisi ya rozela. Damu hiyo, ikishapimwa, ndiyo anayoongezewa mama aliyevuja damu wakati wa kujifungua. Uchafu gani huo?

Ni kweli damu ya vena inabeba kabonidioksaidi, lakini mapafu huitoa kila tunapopumua. Taka nyingine huchujwa na figo. Tena damu ni moja: mtu mzima ana lita 5 hivi, na moyo uliotulia husukuma karibu kiasi hicho kila dakika. Iliyo kwenye vena sasa hivi, muda si mrefu iko kwenye ateri, mishipa inayotoa damu kwenye moyo, kwa hiyo chuku haina namna ya kuchagua.