Mwalimu wa Historia Anapopewa Kipindi cha Sosholojia

Mwaka 2008 Brazili ilipitisha sheria iliyofanya sosholojia, yaani taaluma ya kuchunguza jamii, kuwa somo la lazima katika miaka yote mitatu ya sekondari ya juu. Wahitimu wa fani hiyo hawakutosha, hivyo vipindi vingi vikaangukia mikononi mwa walimu wa historia, jiografia na falsafa. Sababu nyingine ni ya ratiba tu: somo lenye kipindi kimoja au viwili kwa wiki hutumika kirahisi kujazia mzigo wa mwalimu mwingine.

Kusema kwamba mwalimu huyo hafai hakuna mashiko. Hata waasisi wa sosholojia walitoka fani nyingine: Émile Durkheim alifundisha falsafa katika shule za sekondari za Ufaransa kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Bordeaux mwaka 1887, na Max Weber alisomea sheria. (Hata hivyo, hakuna aliyewakabidhi somo Ijumaa ili walifundishe Jumatatu.) Kinachohitaji uangalizi ni mazoea ya fani anayotoka mwalimu. Wa historia huelekea kupanga wanazuoni kwa miaka yao. Wa uraia hurudi kwenye haki na wajibu.

Zoea baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mawaidha. Mada ni ukosefu wa ajira, na dakika kumi hazijaisha darasa linajadili uvivu wa vijana. Wanafunzi wanatoka na mawazo yaleyale waliyoingia nayo. Mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani C. Wright Mills alilieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi: katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mtu mmoja, tutazame tabia na ujuzi wake. Lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, jibu halimo ndani ya mtu mmojammoja. Tutazame muundo wa uchumi na taasisi zake.

Basi anza kwa kulinganisha: nani hasa hana kazi, wa umri gani, wa tabaka gani, na miaka ishirini iliyopita hali ilikuwaje? Hapo mwalimu wa jiografia ana ramani na takwimu zake, na wa hisabati atawaonyesha kwa nini idadi kubwa si lazima iwe kiwango kikubwa. Fasili za dhana zifuate baada ya maswali.

Wakuu wa shule nao wasimbadilishe mwalimu huyo kila mwaka. Anayeanza upya kila Januari hubaki akisoma kitabu ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi wake.