Mchoro si mwanga: dhana potofu zinazomkwamisha mwanafunzi wa optiki

Mwanafunzi anayeanza optiki, yaani elimu ya mwanga, chuo kikuu huja amejiamini. Lenzi alishazichora sekondari, mlingano wake anao kichwani, na kanuni ya uakisi haina la kumtisha. Shida huanzia hapo hapo. Mengi anayoyakosea hayatokani na hesabu ngumu, bali na kuuamini mchoro kupita kiasi, hadi akadhani mistari mitatu aliyoipiga kwa rula ndiyo mwanga wenyewe.

Dhana: ukifunika nusu ya lenzi, nusu ya taswira inapotea

Weka mshumaa unaowaka, lenzi mbinuko (ile nene katikati) na skrini, kisha usogeze skrini mpaka taswira ya ulimi wa moto itulie, kichwa chini. Sasa funika nusu ya juu ya lenzi kwa kadi nyeusi. Kabla ya kadi kuwekwa, waulize wanafunzi nini kitatokea. Wengi watasema nusu ya taswira itakatika, wakiwemo wale wanaokokotoa umbali wa taswira bila kukosea hata tarakimu.

Taswira inabaki nzima. Kinachopungua ni mng'ao wake. Kila nukta ya ule moto inatawanya mwanga pande zote, kwa hiyo uso mzima wa lenzi unapokea mwanga wa kila nukta na kuukusanya mahali pamoja upande wa pili. Nusu ya chini ikiachwa peke yake inafanya kazi yote, ila kwa nusu ya mwanga. Hata ukifunika katikati ya lenzi kabisa, pale unapopita ule mwale wa mchoro usiopinda, taswira bado ipo. Miale mitatu ya kitabuni haina cheo chochote. Ilichaguliwa kwa kuwa ni rahisi kuichora. Ndiyo maana pia kuibana tundu ya kamera hakukati kingo za picha: picha inakuwa na giza zaidi, na vitu vya mbele na vya nyuma vinazidi kuonekana wazi kwa pamoja.

Ukimaliza jaribio hilo, iondoe skrini na uulize taswira imekwenda wapi. Haijakwenda popote. Weka jicho kwenye mstari uleule wa mshumaa na lenzi, sentimita 25 au zaidi nyuma ya pale skrini ilipokuwa, utazame kuelekea kwenye lenzi: utauona moto umening'inia hewani. Kazi ya skrini ilikuwa kutawanya mwanga ili hata aliyesimama pembeni aone. Jaribio hili halihitaji vifaa vya gharama, na kwa maoni yangu lina faida kuliko maswali kumi ya kujaza nambari kwenye mlingano.

Ndugu wa dhana hiyo ni imani kwamba ukirudi nyuma mbele ya kioo kifupi cha ukutani utajiona mwili mzima. Kama kioo ni bapa na kimesimama wima, sehemu ya mwili unayoiona haibadiliki kwa umbali. Kioo chenye nusu ya urefu wako, kikitundikwa kwa kimo kinachofaa, kinatosha. Chora mwale mmoja kutoka kidole cha mguu na mwingine kutoka utosini, kisha jisogeze: uwiano wa pembetatu unabaki uleule. Na katika michoro hiyo, mishale itoke kwenye kitu iende jichoni, si kinyume chake. Mwanasayansi Ibn al-Haytham alilimaliza suala hilo yapata miaka 1000 iliyopita, lakini mishale inayotoka jichoni bado inaonekana kwenye karatasi za mitihani.

Dhana: mwanga unapunguza mwendo ndani ya kioo kwa sababu fotoni (chembe za mwanga) zinagongana na atomi

Hii inasikika kisayansi, na wapo hata walimu wanaoisema. Ifikirie kidogo tu. Kama mwanga ungekuwa unagongana na atomi njiani, kila mgongano ungeutupa upande wake, na dirisha lingekuwa jeupe lisilopenyeka macho. Lakini mwale unaingia kwenye kioo na kutoka ukiwa umenyooka.

Kinachotokea ni hiki. Uga wa umeme wa wimbi linaloingia unazitikisa elektroni za kioo. Elektroni zinazotikisika nazo zinatoa mawimbi yenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yaleyale, ila yamechelewa kidogo. Jumlisha wimbi la awali na hayo yote ya elektroni, utapata wimbi moja ambalo vilele vyake vinasonga polepole. Katika kioo chenye fahirisi ya kupinda (namba inayoonyesha mwendo umegawanywa kwa ngapi) ya 1.5, mwendo wa kilomita 300,000 hivi kwa sekunde unakuwa kama 200,000. Ndiyo maana swali maarufu la "nani anausukuma mwanga urudie mwendo wake ukishatoka?" halina uzito: nje ya kioo hakuna elektroni za kuongeza mawimbi yao, basi.

Masafa hayabadiliki, kinachofupika ni urefu wa wimbi. Leza nyekundu ya nanomita 633 ikiingia majini, urefu wa wimbi lake unashuka hadi kama nanomita 476, kipimo ambacho hewani ni cha rangi ya buluu. Hata hivyo aliye chini ya maji anaiona nyekundu ileile. Anayefundishwa kwamba rangi ni urefu wa wimbi, bila kuambiwa kipimo hicho ni cha kwenye ombwe, lazima atachanganyikiwa.

Uzito nao husingiziwa mengi, kana kwamba kitu kizito zaidi ndicho lazima kiupunguze mwanga mwendo zaidi. Mafuta ya alizeti yanaelea juu ya maji, lakini fahirisi yake ni kama 1.47, ya maji ni 1.33. Vilevile mwale unaoingia wima haupindi, na wengi wakiona haujapinda wanasema hakuna kilichobadilika. Mwendo umepungua vilevile.

Sheria yenyewe ya kupinda kwa mwanga inaitwa kwa jina la Snell, Mholanzi aliyeifikia mwaka 1621. Mwanahisabati Ibn Sahl alikuwa ameitumia Baghdad mwaka 984, akichora umbo la lenzi za kukusanya jua.

Dhana: ukishafundishwa mawimbi, miale imepitwa na wakati

Lenzi za kamera na darubini hadi leo zinasanifiwa kwa kufuatilia miale, maelfu kwa maelfu, ndani ya kompyuta. Miale inafaa pale tundu na vizuizi vinapokuwa vikubwa mno kuliko urefu wa wimbi. Na hata hapo, mlingano wa lenzi unasimama juu ya makadirio: sini ya pembe inachukuliwa kuwa sawa na pembe yenyewe, ikipimwa kwa rediani. Kwa nyuzi 10 kosa ni nusu asilimia. Kwa nyuzi 30 linakaribia asilimia 5. Ukungu kwenye taswira ya lenzi pana si lazima uwe uzembe wako maabara. Miale ya pembeni inakutana mahali tofauti na ya katikati.

Mpaka wa miale ulijitokeza kwa namna ya kuchekesha Ufaransa. Mwanafizikia Fresnel alipowasilisha nadharia yake kwamba mwanga ni mawimbi kwenye shindano la Akademia ya Sayansi, mmoja wa waamuzi, Poisson, ambaye hakuyaamini mawimbi, alizipiga hesabu hizo mpaka mwisho wake. Akaonyesha kwamba, kama Fresnel yuko sahihi, katikati kabisa ya kivuli cha kisahani cha duara lazima kuwe na nukta ya mwanga. Kwake huo ulikuwa upuuzi wa kuizika nadharia. Arago, mwamuzi mwenzake, akajaribu, nukta ikaonekana, na mwaka 1819 tuzo ikaenda kwa Fresnel. Leo unaweza kuiona kwa leza iliyotandazwa kwa lenzi na gololi ndogo ya chuma iliyogandishwa kwenye kipande cha kioo. Kejeli ya historia ni kwamba nukta hiyo inabeba jina la Poisson.

Kwenye mwingiliano wa mawimbi, pale mawimbi mawili yanapokutana na kutoa mistari ya mwanga na ya giza, wengi hudhani nishati inaangamia kwenye mistari ya giza. Haiangamii, inahama. Mawimbi mawili yenye ukali sawa, kila moja I, yanatoa 4I kwenye mstari angavu na sifuri kwenye wa giza. Wastani ni 2I, jumla ileile. Na balbu mbili za kawaida hazitakuonyesha mistari hiyo, kwa sababu awamu zao (mpangilio wa vilele na mabonde ya mawimbi) zinabadilika ovyo kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ndiyo maana Young, aliyeonyesha mistari hiyo kwa majaribio, aligawa mwanga wa chanzo kimoja.

Dhana: kila kichujio unachoongeza kinapunguza mwanga

Panga vichujio viwili vya polaraizesheni (kila kimoja kinapitisha mtetemo wa mwelekeo mmoja tu, uitwao mhimili wake) ili mihimili yao ifanye pembe ya nyuzi 90: mwanga haupiti. Sasa penyeza cha tatu katikati, kwa nyuzi 45. Mwanga unapita! Cha kwanza kinaruhusu nusu ya mwanga wa kawaida, na kila kimoja kati ya viwili vinavyofuata kinaruhusu nusu ya kilichobaki, kwa kanuni ya Malus (kinachopita kinategemea pembe kati ya mtetemo na mhimili), hivyo inatoka sehemu 1 kwa 8. Kichujio hakichambui tu kilichokuja. Mwanga unaotoka una mwelekeo mpya wa mtetemo, ule wa mhimili wa kichujio. Zungusha hicho cha kati hadi kilingane na mmojawapo wa wenzake, giza linarudi.