Je, wajua? Bata mzinga wa harusi Oaxaca hupimwa kwanza, kisha huandikwa daftarini

Katika vijiji vya Wazapoteki vya bonde la Oaxaca, kusini mwa Meksiko, harusi inaweza kulisha mamia ya watu kwa siku kadhaa, na wenye harusi ni wakulima au wafumaji wa mazulia tu. Chakula hicho hutoka wapi?

Wengi hujibu kwamba wageni huleta zawadi. Ni rahisi kudhani hivyo unapoona akina mama wakiingia uani na vikapu vya tortila (chapati za mahindi), kakao, chupa za meskali (pombe kali ya huko) na bata mzinga hai waliofungwa miguu. Lakini sehemu kubwa ya vitu hivyo si zawadi hata kidogo. Ni mkopo unaoanza siku hiyo, au deni linalolipwa siku hiyo. Utaratibu huo ni guelaguetza, jina ambalo watalii hulijua kwa tamasha la ngoma la kila Julai katika jiji la Oaxaca. Jukwaani pale huoni mizani wala daftari, na hivyo ndivyo vinavyoibeba harusi.

Ufikirie kama upatu usio na zamu, unaochezwa kwa vitu badala ya fedha. Tuseme familia yenye mtoto mchanga inampelekea jirani anayeozesha mtoto wake bata mzinga wa kilo 7. Pande zote mbili huandika: jina, tarehe, kitu, uzito. Mtoto akikua na kutaka kuoa, wazazi hufungua daftari na kuwapitia wadeni wao mapema. Jirani akileta bata wa kilo 9, kilo 7 zinafuta deni la zamani na kilo 2 zinafungua jipya, safari hii yeye ndiye anayedai. Kwa hiyo hesabu kati ya nyumba mbili huenda isifungwe kamwe, na mzazi akifariki watoto hurithi daftari pamoja na madeni yake.

Kulipa kitu kwa kitu kuna faida kubwa. Mwaka 1993 Meksiko ilifuta sifuri tatu kwenye peso yake baada ya miaka mingi ya bei kupanda. Deni la fedha la miaka ya 1970 lingekuwa limeyeyuka, ila kilo 7 za bata zilibaki kilo 7.

Mambo huharibika pale taarifa inapochelewa, kwa sababu kifaranga cha bata mzinga huhitaji miezi mingi kunenepa, na mdeni aliyeshtukizwa hulazimika kununua sokoni. Wanakijiji waliohamia Marekani hutuma fedha kwa ndugu wawanunulie. Si kila kijiji kinafuata kanuni hizi kwa ukali uleule. Teotitlán del Valle ni miongoni mwa vile ambako madaftari yameelezwa kwa kina. Mgeni akialikwa huko na kubeba kreti ya bia au chupa ya meskali, aulize kwanza kama itaandikwa. Ikiandikwa, siku moja wenyeji watatarajia kumrudishia.