Je, wajua kwa nini albamu ya mwisho ya Michael Jackson, Invincible ya 2001, ilisemwa imefeli wakati ilishika namba moja?

Kaa kijiwe chochote Dar, Sinza, Temeke, popote, tupia tu kwamba Michael Jackson alitoa albamu kali baada ya mwaka 2000, uone utakavyovamiwa. Ipi hiyo? Watu wa hapa wanamjua Michael wa Thriller, wa Bad, wa Dangerous, yule ambaye Februari 1992 alikuja mwenyewe kabisa hapa mjini, akaonana na Rais Mwinyi, akaenda kuwaona watoto wenye ulemavu wa akili pale Sinza. Ukitaja Invincible wengi wanakumbuka You Rock My World na ile video ndefu ya Chris Tucker, basi, faili limefungwa.

Sasa angalia hesabu zenyewe. Invincible ilitoka Marekani tarehe 30 Oktoba 2001, wiki ya kwanza tu ikauza zaidi ya nakala 360,000 na kukaa namba moja kwenye chati ya Billboard, Uingereza nako namba moja, na haikupita muda ikapewa platinamu mara mbili huko Marekani, yaani nakala milioni mbili. Kwa msanii mwingine yeyote hapo unachinja mbuzi. Kwake yeye magazeti yakaandika kama yanaandika taarifa ya msiba, na hadithi ya "albamu iliyofeli" ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu mpaka leo, hata kwa wale ambao hawajawahi kuisikiliza mwanzo mwisho.

Kwa nini? Mi naona sababu ni kadhaa lakini zinashikana mkono, na nyingi hazina uhusiano wowote na nyimbo zenyewe.

Ya kwanza ni pesa. Iliripotiwa kwamba kuitengeneza kuligharimu karibu dola milioni 30, maana jamaa alikuwa studio miaka na miaka, anarekodi, anatupa, anaanza upya, prodyuza anaambiwa hii nzuri ila leta nyingine kali zaidi. Ukishatangaziwa bei kama hiyo unakuwa husikilizi muziki tena, unasikiliza risiti. Halafu juu ya risiti weka Thriller ya 1982, albamu ambayo Marekani peke yake imefika platinamu 34, na usiku mmoja mwaka 1984 jamaa akabeba Grammy nane, nyingi zikiwa za albamu hiyo. Mtu ukishaweka rekodi ya namna hiyo umejichimbia shimo, kwa sababu kila utakachofanya baadaye kitapimwa kwa rula ile ile, na hakuna binadamu anayeweza kurudia kitu kama kile, hata huyo huyo aliyekifanya.

Na tukisema alikuwa "mzee" tusijidanganye, alikuwa na miaka 43. Ni uzee wa kazi tu huo, I Want You Back ya Jackson 5, kundi lake na kaka zake, ilitoka 1969 akiwa na miaka 11, kwa hiyo hadi Invincible inatoka ana zaidi ya miaka 30 kazini na dunia imeshamchoka kabla yeye hajachoka.

Hapa kwetu uzee kwenye muziki haujawahi kuwa kesi kubwa kivile. Franco alitoa Mario mwaka 1985, miaka minne tu kabla hajafariki, na mpaka leo ikipigwa baa watu wazima wanaacha bia mezani wanasimama. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, yale maonesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 akiwa bibi kizee kabisa na hakuna aliyesema bibi huyu ameisha, ndio kwanza heshima ikapanda. Ila angalia jinsi muziki ule ulivyokuwa unawafikia watu: bendi ipo ukumbini, wimbo unapigwa leo, unapigwa wiki ijayo, unakunogea taratibu hadi siku moja unajikuta unauimba jikoni. Michael hakuwa na kitu hicho. Yeye alikuwa anapotea miaka kisha anarudi kwa kishindo, HIStory ni ya 1995, ile Blood on the Dance Floor ya 1997 ilikuwa na nyimbo mpya tano tu, nyingine zote rimiksi, halafu kimya mpaka 2001. Albamu ya mtu wa aina hiyo inapewa wiki chache za kujieleza, ikishindwa hapo imehukumiwa.

Na hizo wiki chache zenyewe zilikuwa za ajabu. Alifanya shoo mbili kubwa Madison Square Garden pale New York kusherehekea miaka 30 ya kuwa msanii anayejitegemea, tarehe 7 na tarehe 10 Septemba 2001. Kesho yake ndiyo yale mashambulizi ya Septemba 11. Albamu ikaja wiki saba baadaye kwenye nchi ambayo haikuwa na hamu ya kucheza.

Baada ya hapo hakukuwa na ziara. Kabisa. Ziara yake ya mwisho ilishaishia Durban, Afrika Kusini, Oktoba 1997, na hakufanya nyingine mpaka anafariki. Video je? Huyu ni mtu aliyefanya dunia nzima ikae mbele ya TV kusubiri video, lakini kwa Invincible zilitoka mbili, ya You Rock My World ambayo hata muigizaji Marlon Brando yumo, na ya Cry ambayo Michael mwenyewe haonekani hata kidogo! Yaani umelipia kumuona Michael halafu unaoneshwa watu wengine wameshikana mikono.

Nyuma ya pazia kulikuwa na bifu. Hii ndiyo ilikuwa albamu yake ya mwisho ya nyimbo mpya chini ya mkataba na lebo yake, Sony, na wahusika walishaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Inasemekana yeye alitaka Unbreakable ndiyo itangulie, lebo ikataka You Rock My World. Yeye akalalamika kwamba promo imekatwa makusudi, lebo ikasema imemwaga mamilioni kuitangaza, na katikati ya 2002 mambo yakatoka hadharani: Michael juu ya basi London na mabango ya kuipinga Sony, halafu Julai akiwa Harlem akamwita bosi wa Sony Music, Tommy Mottola, mbaguzi wa rangi. Nani alikuwa na haki kwenye hilo mi siingii, pande zote mbili zilikuwa na pesa za kutosha kujitetea zenyewe. Ninachojua ni kwamba watu wakigombana hivyo, nyimbo zinakuwa yatima. Mfano wa wazi ni Butterflies. Haikuwa na video, haikuuzwa dukani kama singo, lakini ilipanda hadi nafasi ya 14 kwenye chati kuu ya Billboard kwa kupigwa redioni tu. Wimbo unajikongoja wenyewe mpaka 14 bila mtu wa kuusukuma, sasa ungesukumwa?

Februari 2003 ikatoka ile dokumentari ya mwandishi Martin Bashir kuhusu maisha ya Michael, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa anazungumzia muziki tena.

Huku Dar nako tulikuwa na yetu. Mwaka 2001 masikio ya vijana yalishahamia kwenye Bongo Fleva, Professor Jay anachana kuhusu maisha unayoyajua, Juma Nature anawakilisha Temeke, Lady Jaydee anaimba mapenzi kwa Kiswahili, redio zimechachamaa. Michael akawa mtu wa kaka zetu wakubwa, wa enzi za breki densi. Halafu kuna suala la kanda ambalo watu wanalisahau. Invincible ina dakika kama 77. Enzi hizo ukienda kurekodiwa kwenye kanda ya dakika 60 haiingii, nyimbo za mwisho zinakatwa, na kwenye albamu hii kukatwa mwisho ni hasara kubwa kuliko kukatwa mwanzo, nitaeleza.

Hapo ndipo lipo kosa ambalo mi naliona ni la albamu yenyewe, sio la lebo wala la magazeti. Ina nyimbo 16. Thriller ina nyimbo tisa na dakika 42. Siku hizo CD ilikuwa inaingiza karibu dakika 80 na wasanii wote wakawa wanajaza hadi pomoni ili mnunuzi aone amepata thamani ya hela yake, na Michael naye akaingia kwenye mtego huo huo. Mbaya zaidi ni mpangilio. Nyimbo tatu za mwanzo, Unbreakable, Heartbreaker na Invincible, zote ni za prodyuza Rodney Jerkins, midundo migumu ya chuma, na zote zina rapa ndani. Ya kwanza nzuri, ya pili inakuchosha, ya tatu unaanza kuangalia saa. Mkosoaji anayesikiliza haraka haraka aandike makala kesho anakuwa ameshaamua kwamba mzee anakimbizana na vijana.

Kumbe mzigo uko wimbo wa nne. Break of Dawn, aliyoifanya na prodyuza Dr. Freeze, inaanza tu unajua umebadilisha nyumba, ngoma zinateleza, sauti zake za nyuma amezipanga tabaka juu ya tabaka, na anaimba kama mtu aliyetulia, hana cha kuthibitisha. Inafuata Heaven Can Wait ya prodyuza Teddy Riley, kifo kimekuja kumchukua na yeye anagoma kwa sababu hataki kumuacha mpenzi wake, na pale mwishoni anavyolia nayo sijui kama kuna sehemu nyingine alishawahi kuimba R&B vizuri hivyo. Kisha ndio Butterflies, iliyoandikwa na Andre Harris pamoja na Marsha Ambrosius, dada wa Kiingereza wa kundi la Floetry. Sikiliza kwa earphone usiku, sio kwenye daladala. Sauti yake ya juu kabisa, nyembamba, inapanda na haivunjiki, na tarumbeta zinaingia kwa adabu. Huyo ndiye mtu tuliyeambiwa sauti imekwisha.

Speechless aliandika peke yake, inaanza sauti tupu bila chombo na inaisha sauti tupu bila chombo, katikati kwaya inamnyanyua. Mwenyewe alisema wazo lilimjia baada ya kucheza na watoto Ujerumani, kurushiana maputo ya maji. Kuna wanaoiona ya kitoto, mi nawaelewa, lakini hakuna pa kujificha pale, ungekuwa huna sauti ungeumbuka sekunde ya kumi.

Halafu sasa hiyo iliyokuwa inakatwa na kanda: Whatever Happens, namba 15, karibu ya mwisho kabisa, na kwangu ndiyo bora kuliko zote. Gitaa ni la Carlos Santana, na mluzi pia umo. Hadithi ni ya mume na mke waliobanwa na maisha, wimbo hautuambii tatizo ni nini hasa, unatupa tu hofu yao na ombi la kutoachiana mikono. Michael anasimulia kama mtu wa pembeni, kitu ambacho alikuwa hafanyi sana, halafu taratibu hasira inamuingia na gitaa linamjibu. Mwishoni kabisa unamsikia anamshukuru Carlos, kama vile wamesahau kuzima mashine. Wimbo huu ungewekwa wa pili, nina uhakika habari ya hii albamu ingeandikwa tofauti.

Desemba 2009 wasomaji wa Billboard waliipigia kura Invincible kuwa albamu bora ya muongo mzima. Sawa, alikuwa amefariki Juni mwaka huo na kura zilipigwa na machozi ndani, siwezi kusema ilikuwa bora kuliko zote za miaka kumi, hapana. Ila inaonesha kwamba watu walipolazimika kurudi kuisikiliza bila habari za bei, bila bifu, walikuta kitu.

Kwa wanaotaka kujaribu, siku hizi hakuna kanda, unajipangia mwenyewe kwenye simu. Mi yangu inaanza na Break of Dawn, Heaven Can Wait, You Rock My World, Butterflies, Speechless, Don't Walk Away, Whatever Happens, kisha Unbreakable naisogeza huku mwishoni kwa sababu ya ile mistari ya rapa Notorious B.I.G., ambayo kwa taarifa yako haikurekodiwa kwa ajili ya Michael, Biggie alishafariki tangu 1997, ilichomolewa kwenye wimbo wa Shaquille O'Neal, ndio, Shaq huyo huyo wa kikapu. Nafunga na Threatened, yenye sauti ya Rod Serling wa vile vipindi vya zamani vya kutisha vya TV, naye marehemu tangu 1975. Nyimbo tisa, dakika kama 44 hivi, saizi ya Thriller kabisa. 2000 Watts nimeipigania sana moyoni kwa ile sauti nzito ambayo watu wanabisha mpaka leo kama ni yake kweli, nikaiacha. The Lost Children wenye nayo mnisamehe, hiyo inatoka bila mjadala, na Privacy inaifuata mlangoni.